Kupiga Muziki kwa Spika Kadhaa za Bluetooth kwa Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Shughuli ya Uwani

Shughuli nyingi za Unguja na Pemba hazina ukumbi. Zinafanyika uwani, kwenye kiwanja kilicho baina ya nyumba tatu nne, au ufukweni chini ya minazi. Wageni hukaa mikekani kwa mafungu, wapishi wako nyuma na masufuria yao, watoto wametapakaa. Ukiweka spika moja kubwa mbele, waliokaa karibu nayo hawasikilizani, na walio jikoni hawaambulii kitu. Ndiyo maana siku hizi watu wanaazimana spika ndogo za Bluetooth, mbili za mama mdogo, moja ya jirani, moja ya kijana wa duka la simu, wazisambaze kila pembe. Wazo zuri. Tatizo linaanza pale simu inaposhika spika moja na kuziacha nyingine zikimetameta taa bure.

Hapa nitaeleza namna ya kuzifanya zote ziimbe pamoja, na mkazo wangu ni kwenye kwenda pamoja kuliko kupaza sauti. Spika nne zinazokwenda sawa kwa sauti ya wastani ni bora kuliko nane zinazopishana. Kwa taarabu ndiyo kabisa, maana taarabu ni maneno. Mtu anainuka kwenda kutunza kwa sababu ya mshororo mmoja. Mshororo huo ukisikika mara mbili, wa pili ukiukanyaga wa kwanza, hata aliyepigwa kijembe hajijui kama ni yeye.

Kwa nini simu inashika spika moja tu

Mfumo wa kawaida wa Bluetooth wa kupeleka muziki uliundwa kwa chombo kimoja kuzungumza na kimoja. Spika ya pili ikitaka kuingia, ama inakataliwa ama inamtoa mwenzake.

Halafu kuna kuchelewa. Simu huibana sauti, huituma kwa vipande kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, na spika huvikusanya vipande kidogo ndipo ianze kupiga. Kazi hiyo huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde hadi robo sekunde, na kila aina ya spika ina kuchelewa kwake. Sikio linasamehe tofauti ndogo: sauti mbili zinazopishana kwa chini ya milisekunde 30 hivi husikika kama moja. Zaidi ya hapo sauti inaota mkia, na zikifika milisekunde 100 unasikia waimbaji wawili wanaofukuzana.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayoichagua, sauti izifikie spika zote kwa njia ya aina moja: zote kwa Bluetooth ya kundi moja, au zote kwa waya, au zote kwa redio. Ukichanganya nusu waya nusu Bluetooth, hakuna kitufe kitakachokuokoa.

Kwanza zitambue spika ulizonazo

Usiku wa kuamkia shughuli umechelewa. Zikusanye siku moja kabla ya hapo, uziweke mezani, utazame vitu vinne: kampuni na modeli, alama zilizo kwenye vitufe, kama kuna tundu la AUX, yaani la kuchomeka waya wa sauti, na kama kuna redio ya FM. Spika nyingi zisizo na jina kubwa zinazouzwa Darajani au Chake Chake zina AUX na FM zote mbili, pamoja na nafasi ya flashi na kadi ya memori. Za kampuni kubwa za miaka ya karibuni, ajabu yake, mara nyingi hazina AUX wala FM. Hapo ndipo spika ya bei rahisi inapompita wa bei ghali, na mwenye ya bei ghali huwa hapendi kusikia.

Halafu zifute kumbukumbu. Spika ya kuazima ikiwashwa hutafuta simu ya mwenyewe kwanza, na kama mwenyewe ni jirani aliyekaa barazani na simu mfukoni, itamrudia yeye. Kwenye spika nyingi kumbukumbu hufutika kwa kubana kitufe cha Bluetooth sekunde kadhaa mpaka taa ibadilike. Ikishindikana, mwambie mwenyewe azime Bluetooth ya simu yake mpaka shughuli iishe.

Spika mbili za modeli moja

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Spika nyingi za kawaida huandikwa TWS kwenye boksi, maana yake zinaweza kuoana mbili mbili na kujifanya moja mbele ya simu. Anza kwa kuzima Bluetooth ya simu, kwani simu ikiwahi kushika spika moja, ndoa haifungwi. Washa spika zote mbili, ziweke karibu. Kwenye moja tu, bonyeza mara mbili kitufe cha kuoanisha. Kwenye aina nyingine za spika ni kitufe cha kucheza, au cha M. Subiri mlio na taa ya moja itulie. Sasa washa Bluetooth ya simu, unganisha kwa jina moja litakalojitokeza, upige wimbo.

Angalia jambo moja: zikioana hivi, mara nyingi moja inakuwa ya kushoto na nyingine ya kulia. Kwenye nyimbo za zamani zilizorekodiwa fidla upande mmoja na sauti upande wa pili, fungu moja la wageni litasikia fidla tupu. Dawa iko ndani ya simu: ingia kwenye mipangilio ya usaidizi (Accessibility), sehemu ya sauti, uwashe sauti ya mono, yaani kushoto na kulia kutoe sauti ile ile. Iwashe hata kama hujaona tatizo. Stirio ni ya mtu mmoja aliyekaa katikati. Uwani hakuna katikati.

TWS mwisho wake ni spika mbili. Ukiwa na nne, hata kama zote ni ndugu, zitaoana jozi mbili na simu itashika jozi moja.

Spika za kampuni kubwa

Hizi zina uwezo wa kuunda kundi kubwa, kwa sharti kwamba zote ziwe za kampuni moja, na za kizazi kimoja cha mfumo. Hapa watu wanapoteza saa nzima. JBL, kwa mfano, imebadilisha mfumo mara kadhaa. Flip 4 na Charge 4 zinatumia Connect+. Flip 5, Flip 6 na Charge 5 zinatumia PartyBoost. Flip 7, Charge 6, Clip 5 na Go 4 zimehamia Auracast. Flip 4 na Flip 5 zinafanana kwa umbo na jina, lakini hazizungumzi kabisa. Nazo Go 3 na Clip 4 haziungani na yeyote. Hizo ni za kusikiliza peke yako unapofua.

Zikiwa za mfumo mmoja, kazi ni fupi. Unganisha simu na spika moja tu, piga wimbo, kisha bonyeza kitufe cha kundi kwenye hiyo spika na kwenye kila moja ya wenzake. Zinaingia moja moja. Simu inabaki inazungumza na ile ya kwanza, nayo inawarushia wengine. Kwa hiyo ile ya kwanza iwe karibu na simu na katikati ya wenzake, na iwe ndiyo yenye chaji zaidi. Ikizimika, kundi zima limekufa.

Sony wana Party Connect, Ultimate Ears wana PartyUp inayoendeshwa kwa programu yao ya simu, na Soundcore wana PartyCast. Mwendo ni ule ule. Auracast, iliyotangazwa kwa jina hilo mwaka 2022, iliundwa ili chombo kimoja kitangaze na vingi vipokee, lakini usitegemee spika za kampuni mbili zitakubaliana mpaka umejaribu mwenyewe kabla ya siku.

Mwenye simu ya Samsung ana njia moja zaidi. Kuanzia Galaxy S8 ya mwaka 2017, simu zao nyingi zinaweza kupeleka muziki kwa spika mbili za Bluetooth. Unganisha zote mbili, vuta pazia la juu la skrini, gusa Media Output, uweke alama kwenye zote. Zinafaa mbili za modeli moja. Zikiwa tofauti, kila moja itachelewa kivyake na utasikia. iPhone haina kitu hicho kwa spika za kawaida za Bluetooth, hata iwe mpya namna gani.

Spika mchanganyiko: njia ninayoipendekeza

Tuseme ukweli, spika za kuazima hazifanani. Utapata moja nyekundu ya Pemba, moja ya mzee isiyo na kifuniko nyuma, na jozi ambayo mwenzake amekufa. Kwa hizo, acha kupigana na Bluetooth. Tumia waya.

Unahitaji waya wa AUX kwa kila spika, wa kufika pale spika itakapokaa, na kigawio, kile chenye ncha moja na matundu mawili au matano. Chomeka ncha kwenye simu, matundu yapeleke kwa spika, kila spika iweke kwenye AUX. Zote zitapiga kwa wakati mmoja kabisa, bila kujali kampuni wala umri. Watu huogopa kwamba simu itaelemewa. Haielemewi: kila spika ina kikuza sauti chake ndani, na inachochota kwenye simu ni umeme kidogo mno. Spika nne tano ni kawaida.

Kasoro yake ni kwamba simu inafungwa mezani, na simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni. Yote mawili yanatibiwa na kipokezi cha Bluetooth, kile kidude kidogo kinachouzwa kwa ajili ya redio za gari za zamani. Kipokezi kinashika simu yako kama spika yoyote, kisha kinatoa sauti kwa AUX. Kichomeke kwenye kigawio, kigawio kwenye spika zote. Simu inaona chombo kimoja, nawe unatembea nayo mkononi ukichagua nyimbo. Kuchelewa kwa Bluetooth bado kupo, ila sasa kunatokea mara moja, kabla ya sauti kugawanywa, kwa hiyo spika zote zinachelewa sawasawa, na hakuna sikio litakalojua. Kwa pesa ndogo kama hiyo, sijaona kinachoipita.

Waya upitishe juu, kwenye dirisha au boriti, au kando ya ukuta chini ya mkeka. Wageni wanaingia wakiwa wamevua viatu na mabuibui yanaburura. Usiupitishe sambamba na waya wa umeme wa eksitensheni. Na ukisikia mvumo usiokwisha, chomoa chaja za spika: mara nyingi zinavuma zikiwa zinachajiwa huku zimefungwa kwa AUX. Piga kwa betri.

Njia ya redio

Hii wachache wanaikumbuka, nayo inafaa pale ambapo waya haufiki. Modyuleta ya FM ya gari, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, hupokea muziki kwa Bluetooth na kuurusha kwa mawimbi ya FM hatua chache. Spika zote zenye redio zikifungua masafa hayo, zinapiga pamoja, na unaweza kuongeza ya tano na ya sita bila kugusa kitu.

Tafuta kwanza sehemu tupu baina ya 87.5 na 108. Sikiliza kwa redio ya kawaida, sehemu isiyo na ZBC wala stesheni nyingine yoyote, hata ya mbali inayokoroma. Weka modyuleta hapo, na anza kupiga wimbo kabla ya kugusa spika. Mpangilio huu ni muhimu kwa sababu spika za bei rahisi hazikuruhusu kuandika namba. Zinatafuta zenyewe na kuhifadhi zilichokipata, na kama wimbo haupo hewani wakati zinatafuta, zitakupita. Weka spika kwenye FM, bonyeza kitufe cha kucheza ianze kutafuta, ukimaliza bonyeza mbele mpaka uusikie wimbo wako. Mchakaricho ukizidi, chomeka waya wa kuchajia bila kuuunganisha na umeme. Spika nyingi huutumia kama antena.

Umeme wa modyuleta utatoka kwenye gari lililoegeshwa mlangoni, au betri ya volti 12 ya pikipiki au ya sola yenye tundu lake. Bati la gari linazuia mawimbi, basi gari liwe karibu na vioo viwe vimeshushwa. Umbali ni mita chache, kumi hivi ukibahatika, na usijaribu kuirefusha kwa kuiongezea antena. Kurusha matangazo kunataka leseni, na jirani anayesikiliza taarifa ya habari ana haki yake.

Flashi yenye wimbo mmoja kwenye kila spika, na vijana wanne wanaohesabu moja, mbili, tatu, wabonyeze pamoja? Kila uwani kuna mtu wa kulipendekeza hilo. Vidole havilingani kwa milisekunde 30, na hata vikilingana wimbo wa tatu utakuta zimeshaachana. Programu za simu zinazosawazisha simu kadhaa, kila simu na spika yake, zinafanya kazi kwa kiasi, ila zinataka simu zote ziwe kwenye mtandao mmoja na mtu wa kukaa akirekebisha kuchelewa kwa kila spika. Siku ya shughuli mtu huyo yuko kwenye sahani.

Kuzipanga uwani

Sauti husafiri kama mita 340 na ushei kwa sekunde, yaani mita 10 huichukua milisekunde 29. Kwenye uwa wa kawaida hilo si tatizo. Ila kwenye kiwanja cha mpira au ufukweni, spika mbili zilizoachana mita 40 zitatoa mwangwi hata kama zinapiga pamoja kwa ukamilifu, kwa sababu ya mbali inakufikia nyuma kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Dawa ni kila spika ihudumie fungu lake kwa sauti ndogo, kiasi kwamba ya mbali inazama chini ya iliyo karibu.

Na sauti ndogo haikupunguzii kitu. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inapungua kwa desibeli 6; na ili spika moja isikike na sikio mara mbili zaidi, inataka nguvu karibu mara kumi. Ndiyo sababu kupandisha spika ya mbele mpaka ikwaruze hakumfikishii mpishi wimbo, wakati spika ndogo iliyotundikwa karibu naye inamfikishia bila kumsumbua mtu.

Zitundike juu ya vichwa. Mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yanayameza mawimbi ya 2.4 GHz. Kundi lililokuwa linapiga vizuri mchana uwa ukiwa mtupu linaanza kukatika wageni wakijaa, na lawama zote wanapewa spika. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe ni mbaya zaidi: ukumbi na uwa vikitenganishwa na ukuta huo, weka spika ya kwanza mlangoni ili ione pande zote mbili. Simu iwe juu ya meza, si mfukoni.

Kujaribu kama zinakwenda sawa, piga wimbo wenye mdundo mkavu, simama katikati ya spika mbili, usikilize pigo moja la ngoma. Likisikika "ta" moja, vizuri. "Ta-ta", kuna iliyobaki nyuma. Rudia kwa kila jozi. Halafu pandisha sauti ya simu karibu na mwisho na usawazishe kwa vitufe vya spika zenyewe, ukitembea toka fungu hadi fungu.

Kipaza sauti kisipitie humu. Mtu akisema kwa Bluetooth, maneno yake yanamrudia robo sekunde baadaye na ulimi unamfunga. Anayetaka kuimba au kusoma risala apewe spika moja yenye kipaza sauti chake cha waya, nyingine zinyamaze.

Siku yenyewe

Chaji zote tangu jana, wala usingoje Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ikupe unit asubuhi. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, umeme wa waya wa baharini ulipokatika kwa takriban mwezi mzima, wanajua betri iliyojaa ina thamani gani. Masaa yaliyoandikwa kwenye boksi ni ya sauti ya wastani. Ukipandisha mwisho, hesabu nusu. Nyimbo ziwe ndani ya simu, zisitegemee bando. Weka simu kwenye hali ya ndege kisha uwashe Bluetooth peke yake, la sivyo shangazi akipiga simu kutoka Wete kuuliza njia, uwa mzima utamsikia.

Spika iliyo ufukweni, hata kama imeandikwa IP67, alama ya kuhimili maji, imepimwa kwa maji baridi, si ya bahari. Ikirushiwa chumvi, isuuze kwa maji baridi, ikauke kabisa ndipo uichaji. Isikae juani mchana kutwa.

Adhana ikianza, simamisha wimbo kwenye simu, na mtu wa kusimamisha awe anajulikana tangu mapema. Usizime vyombo. Ukizima modyuleta, redio zote zitanguruma mchakaricho kwa pamoja katikati ya adhana. Na ukizima spika moja moja, yule bibi wa ndani ya spika atatangaza kwa Kiingereza, kila mmoja kwa zamu yake, kwamba anaondoka. Mwambie sheha na majirani mapema, na uliza kama hakuna msiba kiamboni.

Mwisho wa shughuli, vunja kundi kabla ya kurudisha vya watu. Oanisho la TWS hubaki kwenye kumbukumbu, na mwenye spika kesho ataiwasha ikamtafuta mwenzake aliyeko nyumba ya tatu badala ya kupiga. Kisha ingia kwenye orodha ya Bluetooth ya simu yako ufute kila spika ya kuazima. Usipofanya hivyo, jirani akiwasha yake asubuhi na ukuta ni wa pamoja, itaishika simu yako, na mazungumzo yako ya simu yatasikika barazani kwake.